Wageni wa kaskazi: ukawatazame Mikindani, Msimbati au Rondo?

Ulaya na Urusi wakitangaza kwamba majira ya machipuko yamefika na ndege wamerudi, huku kusini ndipo pwani inapoachwa tupu. Mbayuwayu anayeshangiliwa mwezi Mei katika kijiji fulani cha Urusi huenda Januari alikuwa akikamata wadudu juu ya mashamba ya bonde la Lukuledi. Kwa hiyo mkazi wa Mtwara au Lindi akifuata kalenda ya vitabu vya huko, atashuka pwani wakati wageni wameshaondoka. Kwetu wanarudi kuanzia Septemba mpaka Novemba, korosho zikiwa zinaokotwa, na wanaaga Machi na Aprili. Anayelijua hilo ameshavuka nusu ya tatizo.

Nusu iliyobaki ni mahali. Mtu ana Jumamosi moja, au wikiendi nzima, ana darubini aliyoazima kwa jirani, na anauliza aende wapi. Katika mikoa hii miwili majibu ya maana ni matatu. Kuna ghuba za mjini: Mikindani kwa watu wa Mtwara, na hori la Lukuledi kwa watu wa Lindi. Kuna Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, pamoja na mdomo wa mto Ruvuma. Na kuna misitu ya Rondo na Litipo. Nazipenda sehemu zote tatu, ila si kila mtu ataridhika na yoyote atakayopelekwa, na ndiyo maana nimeamua kuziweka ubavuni kwa ubavu.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni wageni wenyewe. Pwani yetu ina misafara zaidi ya mmoja. Upo ule mkubwa wa kaskazini, wa ndege wanaozaliana Siberia, Asia ya Kati, Urusi na Uarabuni, wanaokaa kwetu kuanzia Septemba hadi Aprili. Upo wa Madagaska, unaovuka bahari wakati wa kusi: keremkerem wa Madagaska (Merops superciliosus) na kekeo mdogo wa huko. Na upo wa ndani ya Afrika, wa ndege wanaofuata mvua kutoka upande mmoja wa bara hadi mwingine. Sema kwanza unataka kuuona msafara upi.

La pili ni maji. Ndege wa pwani hawaendi kwa saa ya ukutani, wanakwenda kwa kupwa na kujaa. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama, na tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Kwenye pwani hii bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba anayefika asubuhi saa 4 siku ya bamvua atakuta tope limekwenda mbali, na ndege wamekuwa nukta kwenye upeo wa macho. Akifika saa 8 mchana na kutulia, maji yenyewe yatamletea ndege mpaka karibu. Wakati wa maji mafu, yaani yasipojaa wala kupwa sana, hali ni tofauti: mafungu ya mchanga hayazami yote, ndege hawasukumwi, na unaweza kuwatazama wakila kwa saa nyingi bila haraka.

La tatu ni njia, ruhusa na mfuko. La nne, ambalo watu hulisahau, ni ugumu wa kutambua. Kuna sehemu ambayo ndege kumi wa aina kumi wanajieleza wenyewe, na kuna sehemu ambayo utakaa saa nzima ukibishana na mwenzako juu ya ndege mmoja wa kijivu.

Kabla ya mahali, mwezi

Septemba na Oktoba barabara ni kavu na ndege wanaingia kila siku. Ndege wakubwa hutangulia, vifaranga wa mwaka huo hufuata nyuma yao peke yao, bila kuelekezwa na mzazi. Kasoro ya miezi hii ni rangi: wengi wamevaa kijivu na kahawia, na anayeanza hukata tamaa. Novemba na Desemba mvua za kwanza zinapotoa kumbikumbi, tazama juu. Kozi wa Amuri, wanaozaliana Siberia na kaskazini mwa China, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, safari ya zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, kisha hupita Afrika Mashariki kuelekea kusini mwa bara. Wakati huohuo kereng'ende nao wanavuka bahari hiyohiyo, na kozi huwala njiani. Kundi la kozi wadogo likiwa juu ya mikorosho baada ya mvua, wakishika kumbikumbi kwa kucha na kuwala hewani, ni jambo la kusimamisha gari.

Januari na Februari wageni wametulia. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji hufanyika kila Januari kwa sababu hiyo: ndege wako sehemu zao na hawahamihami.

Kisha Machi inaingia, na hapa nasema wazi upande wangu. Kwa mtu ambaye hajawahi kabisa kutazama ndege, kipindi bora ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili. Kitwitwi wa kijivu mwenye umbo kubwa (Pluvialis squatarola) anaanza kupata tumbo jeusi. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea), aliyekuwa kijivu tangu Septemba, anageuka mwekundu wa tofali kifuani, kwanza madoadoa, halafu mwili mzima. Hawa wanakwenda kuzaliana kwenye nchi tambarare za barafu kaskazini mwa Siberia, na wanakula siku nzima kwa ajili ya safari hiyo. Jioni makundi yanakosa utulivu. Wanaruka, wanazunguka, wanatua tena, wanaitana. Jua likikaribia kuzama kundi moja linapanda juu zaidi kuliko kawaida, linajipanga mstari na kushika kaskazini bila kurudi. Mvua bado zipo, nzi na mbu wapo, lakini ukiona kundi likiondoka hivyo utaelewa kwa nini mtu anasafiri kuja kutazama ndege.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Kwa shule za huku nashauri ile ya Oktoba. Mei wageni wa kaskazini wengi wameshatuacha.

Ghuba za mjini: Mikindani na hori la Lindi

*Wageni.* Sululu ndiye mwenyeji wa wageni hapa. Mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, mistari kichwani, na mluzi wa haraka wa sauti kama saba mfululizo unaosikika hata usiku juu ya nyumba. Maji yakijaa hupanda juu ya mikoko na kusimama kwenye matawi, jambo linalowashangaza wanaodhani ndege wa pwani hakai mtini. Yupo chamchanga mdogo asiyeacha kutikisa mkia (Actitis hypoleucos), anayetembea kwenye mawe ya gati na pembeni mwa ngalawa. Yupo pia mwenzake mwenye mdomo uliopinda kwenda juu (Xenus cinereus), na huyu mtafute kwa bidii. Anakimbia ameinama, anabadili upande ghafla, anamvuta kaa mdogo kutoka kwenye shimo, kisha anakimbia naye hadi ukingo wa maji, anamwosha tope, ndipo anammeza. Ukikaa kimya utaliona jambo hilo lote kwa macho matupu.

Juu ya maji kuna buabua, kwenye mikoko kuna mdiria, na yangeyange na koikoi hawakosekani. Makundi si makubwa. Watu ni wengi, mashua ni nyingi, na ndege wamezoea kusogea pembeni.

*Maji.* Miji yote miwili iko upande wa magharibi wa maji yake, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege anakuwa kivuli. Alasiri jua liko mgongoni. Bahati nzuri bamvua inayojaa alasiri inakutana na mwanga huo mzuri, na hiyo ndiyo saa ya kwenda. Ukimkuta mzee anashona nyavu, mwamkie kwanza, kisha muulize maji yatajaa saa ngapi. Jibu lake utaliamini kuliko simu. Kina mama wanaoshuka kuchokoa pweza na kuokota kome nao wanajua fungu lipi huchelewa kuzama, na fungu hilo ndilo ndege watakalokusanyika.

*Njia na mfuko.* Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kando ya barabara ya lami iendayo Lindi. Daladala, bajaji, hata baiskeli. Hakuna geti wala kibali. Lindi ni hivyohivyo: unatembea kwa miguu kufuata ufukwe, au unavuka kwenda Kitunda na kutazama mikoko ya upande wa pili. Kuvuka penyewe kunafaa, kwa kuwa kutoka majini unaona kingo ambazo mtu wa nchi kavu hazioni.

*Ugumu.* Mdogo. Aina si nyingi, wako karibu, na wengi wana tabia ya kuwatambulisha kabla hujafikia manyoya.

*Panamfaa nani.* Anayeanza, mzazi mwenye watoto, mwalimu mwenye darasa, mtu aliyetoka kazini saa 9 na anataka saa mbili za kutazama. Pia mtu mwenye subira ya kurudi palepale wiki baada ya wiki, maana Mikindani inamlipa anayeifahamu. Hapamfai anayetaka kuona mamia ya ndege kwa pamoja.

Msimbati na mdomo wa Ruvuma

*Wageni.* Ghuba ya Mnazi imo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya BirdLife International, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, na anayekwenda huko huwa anamfuata mmoja kabla ya wote: ndege mla kaa (Dromas ardeola). Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mzito usiofanana na wa ndege yeyote wa ufukweni. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za Uarabuni, na tofauti na ndege wengine wote wa jamii ya ufukweni, yeye huchimba shimo kwenye mchanga na kutaga humo, kwa kawaida yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Baada ya hapo huja kwetu akiwa na mtoto.

Na mtoto huyo ndiye wa kumtazama. Kifaranga wa ndege wengi wa ufukweni hujitegemea mapema, lakini huyu anasafiri na mzazi na kuendelea kulishwa huku Afrika kwa miezi. Utamwona wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, ameinamisha kichwa na kulialia nyuma yake. Mzazi anakimbia hatua chache, anasimama kama amegandishwa, anakimbia tena, anapiga. Kaa akiwa mkubwa, mzazi anampigiza, anamvunja miguu mmojammoja, halafu ndipo analiwa au anakabidhiwa mtoto. Makundi hupumzika pamoja kwenye fungu maji yakijaa, wote wameelekea upepo.

Mbali na huyo kuna chamchanga mweupe wa ukingoni (Calidris alba) anayekimbia mbele ya wimbi na kulifuata linaporudi, kuna kitwitwi wa mchangani wa aina mbili, kuna sululu, shakwe wanaoshuka kutoka Bahari ya Shamu, na buabua wa ukubwa tofautitofauti. Kwenye mdomo wa Ruvuma maji baridi yanakutana na ya chumvi, kuna mikoko na mafungu yanayohama, na ndege wa mto huchanganyika na wa bahari.

Mwaka 2024 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilipandisha daraja la hatari kwa ndege kadhaa wa ufukweni. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda na kitwitwi mkubwa wa kijivu, hawa niliowataja kwa rangi zao za Aprili, wote wawili sasa wamo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Bado tunao, na ukiwahesabu vizuri na kuandika, daftari lako lina kazi.

*Maji.* Hapa hakuna kukisia. Bila kujua maji utafika na kuona mchanga. Bamvua ya kujaa alasiri ndiyo bora kwa ndege waliokusanyika. Kupwa kwa maji mafu ni bora kwa kumtazama mla kaa akiwinda karibu. Upande wa bahari kuu unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua ni adui. Kivuli hakuna. Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji, kofia, na kitambaa cha kufuta chumvi kwenye vioo vya darubini.

*Njia na mfuko.* Msimbati ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Mtwara mjini. Usafiri wa umma upo, ila ratiba yake haikusubiri wewe na maji, kwa hiyo wengi hukodi bodaboda au gari kwa siku nzima. Eneo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, nchi kavu na bahari kwa pamoja. Kuna kiingilio, na kinatofautiana kwa raia na wageni. Kwenda mdomo wa mto kunataka mashua ya mwenyeji anayejua mafungu, na mtoni kuna viboko na mamba. Ni mpakani na Msumbiji: beba kitambulisho, ripoti kwa serikali ya kijiji, na ukiambiwa usivuke mahali fulani usivuke.

Jambo moja linaniuma kuhusu Msimbati. Ufukwe wake unasifika kwamba gari linaweza kupita juu yake, na watu hupita kweli, kwa mwendo, hata saa ambayo ndege wamebakiwa na kipande kidogo cha mchanga. Ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita akirushwa mara tano alasiri moja, anapoteza alichokula asubuhi. Egesha gari kwenye minazi, utembee. Ndege wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja, umeshasogea mno. Rudi nyuma hatua kadhaa na ukae chini.

*Ugumu.* Wa kati mpaka mkubwa. Mla kaa anajulikana na mtoto wa darasa la kwanza. Lakini wale kitwitwi wa mchangani wa aina mbili (mmoja mkubwa, mmoja mdogo, wakiwa peke yao huwezi kujua ukubwa) huwasumbua hata wazoefu, na buabua wadogo wanapotua mbali ni mtihani. Darubini ya kushika mkononi inatosha kwa kufurahia. Kwa kutambua kwa uhakika unahitaji ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu.

*Panamfaa nani.* Mwenye siku nzima, anayevumilia jua, anayetaka makundi na anayetaka kumwona mla kaa. Mpiga picha pia. Hapamfai mzee mwenye shida ya kutembea mchangani wala mtoto mdogo, isipokuwa mkishaandaa kivuli.

Rondo na Litipo

*Wageni.* Hapa nibadilishe matarajio yako. Rondo si mahali pa msafara mkubwa wa kaskazini. Ni uwanda ulioinuka karibu mita 900 juu ya bahari, ndani ya Mkoa wa Lindi, wenye msitu wa pwani uliopona miaka mingi ya ukataji wa mvule. Wageni wa mbali wapo, ila ni wa majani: ndege mdogo wa kijanikijani asiyetulia (Phylloscopus trochilus), mwenye uzito wa gramu 10 hivi na aliyetoka kaskazini ya mbali, na ndege wa manjano mwenye mabawa meusi (Oriolus oriolus) anayepita Oktoba na tena Machi. Pembeni mwa msitu kambu wa Ulaya hukaa kwenye nguzo na mikorosho, buluu yake ikionekana toka mbali.

Anayekuja Rondo anakuja kwa wenyeji na kwa wasafiri wa ndani ya Afrika. Zuwakulu wa kijani wa Rondo ana jamaa yake wa karibu kabisa katika msitu wa Ngoye, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Yupo kurumbiza wa ardhini mwenye madoa kifuani (Geokichla guttata), ambaye dunia inamhesabu kuwa hatarini, na ambaye hupekua majani makavu kimya kabisa. Na ndege aitwaye pita wa Afrika, mwenye rangi ambazo huamini kama ni za ndege mmoja, husafiri usiku ndani ya bara na hupita kwenye misitu ya pwani ya Tanzania mvua zinapobadilika. Kumwona ni bahati. Kumsikia mwanzoni mwa mvua ni rahisi zaidi kuliko kumwona.

Ukilala huko, sikiliza komba wa Rondo baada ya giza. Ana gramu 60 hivi, ndiye mdogo kuliko komba wote, na alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza miaka ya 1990.

*Maji.* Maji ya huku ni mvua. Kiangazi kikali msitu hunyamaza. Novemba mpaka mwanzo wa Desemba mvua zikianza ndege huimba, na barabara bado inapitika. Kuanzia Januari udongo huteleza.

*Njia na mfuko.* Kutoka Lindi unapita Mnazi Mmoja, unashika barabara ya Masasi hadi upande wa Mtama, kisha unapanda. Gari la kawaida hupanda kiangazi. Msimu wa mvua tafuta la magurudumu manne. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania: omba kibali mapema na uombe mtu wa kukuongoza, maana bila mwenyeji utatembea kwenye mashamba ya misaji ukidhani uko msituni. Panga kulala, kwa kuwa ndege wa msitu huanza kuimba kabla hujaweza kufika kutoka Lindi.

Asiyeweza kupanda aende Litipo, msitu mdogo wa bondeni karibu na Rutamba, magharibi ya mji wa Lindi. Faida yake ni ziwa Rutamba lililo hapohapo: asubuhi msitu, alasiri ndege wa maji.

*Ugumu.* Mkubwa kuliko kote. Utasikia kumi na kuona mmoja. Sikio ndilo darubini yako.

*Panamfaa nani.* Aliyekwisha kuzoea ndege wa pwani, mwenye orodha anayoijaza, mpenda msitu wenyewe hata asipoona ndege. Watu wawili watatu, si basi la wanafunzi.

Kwa hali yako

Una alasiri moja na nauli ya daladala tu: Mikindani, au ufukwe wa Lindi, siku ya bamvua, ufike saa 8. Usihangaike na orodha. Chagua sululu mmoja umfuate mpaka maji yampandishe mikokoni.

Una darasa: Oktoba, ghuba ya mjini, maji mafu. Darubini tatu zikizungushwa zinatosha wanafunzi thelathini, mradi mwalimu amefika siku moja kabla kuona ndege wanakaa wapi.

Una kamera na siku mbili: Aprili mwanzoni, bamvua, siku ya kwanza Mikindani kwa kujizoeza na mwanga, ya pili Msimbati. Mla kaa na mtoto wake mtafute mapema zaidi, kati ya Oktoba na Januari. Aprili wengi wameshaanza kurudi kwao.

Unataka kozi wa Amuri: hakuna geti la kwenda. Novemba mwishoni na Desemba, baada ya mvua, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi au juu ya uwanda wa Makonde, uangalie anga palipo na kumbikumbi. Safari ya Rondo ya majira hayo inakupa yote mawili, kozi na ndege wa msitu, na kwa mtu mwenye siku tatu hakuna mpango ninaoupenda kama huo.

Una mgeni kutoka Ulaya ambaye anajua ndege wa kwao: usimpeleke kuona sululu, ameshawaona. Mpeleke Rondo, au Msimbati kwa mla kaa, ambaye kwao hapatikani.

Mvua kubwa na gari dogo: baki kwenye lami. Lindi na Mikindani ziko palepale, na kati yake kuna vijito na madimbwi ambako mbayuwayu hukusanyika kwa wingi mwezi Machi, wakijipanga kwenye nyaya za umeme.

Likizo yako ni Juni au Julai: wageni wa kaskazini hawajakwisha wote. Sululu na kitwitwi wachanga wa mwaka wa kwanza mara nyingi hubaki bila kwenda kuzaliana, na keremkerem wa Madagaska wameshafika. Nenda Msimbati ukiwa tayari kwa kusi, au Mikindani kama upepo ni mkali. Hesabu waliobaki, andika tarehe, saa na hali ya maji, ili Septemba uwe na namba ya kulinganisha wenzao watakapoingia.